Ukanda wa Caspary unapovuja: namna ya kutafuta chanzo

Umeweka mzizi wa Arabidopsis thaliana, mmea mdogo unaotumiwa sana maabarani, chini ya darubini ya leza, na rangi imepenya hadi kwenye zailemu (mirija ya maji) mahali ilipopaswa kuzuiwa. Swali la kwanza linalomjia mtu ni: jeni gani imeharibika? Ningeomba ulicheleweshe swali hilo kidogo. Mzizi huo huenda hauna ukanda kabisa. Huenda unao lakini umechelewa kuujenga. Huenda pia ni mzima, ila uliubana kwa koleo dakika tano zilizopita. Ukitazama kwa haraka, picha za hali zote tatu hufanana.

Endodemisi ni safu moja ya seli inayozunguka mishipa ya mzizi. Kila seli ya safu hiyo imefungwa utepe mwembamba wa lignini, dutu ngumu ileile ya mbao, katikati ya kuta zinazogusana na za jirani zake. Huo ndio ukanda unaobeba jina la Robert Caspary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyeueleza katika miaka ya 1860. Maji na madini yanayopenya baina ya kuta hukwama hapo, na ili yaendelee lazima yaingie ndani ya seli kupitia utando, ambao huchagua cha kupitisha. Wengi wetu tulifundishwa kwamba utepe huo ni wa suberini, dutu ya mafutamafuta isiyopitisha maji. Kazi ya Naseer na wenzake iliyotoka mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika Arabidopsis ni lignini inayoziba, na suberini huja baadaye na kuvaa seli nzima kama koti. Kushindwa kutofautisha mambo haya mawili kumepoteza majuma mengi ya watu, na nitalirudia chini.

Mahali pa utepe huamuliwa na protini za CASP. Roppolo na wenzake, katika kundi la Niko Geldner kwenye Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi, walizitangaza mwaka 2011. Ni tano, CASP1 hadi CASP5, na kila moja hupita kwenye utando mara nne. Mwanzoni husambaa kwenye utando wote wa seli, kisha huondolewa haraka kwingine kote na kubaki katikati tu. Hapo huonekana kama visiwa vidogo vilivyojipanga mstari, na visiwa hivyo huungana kuwa mkanda mmoja. Zikishatulia hazisogei: ukizima kwa leza mwanga wa GFP (protini ya kijani inayounganishwa nazo ili zionekane) katika sehemu ya mkanda, mwanga hurudi kidogo sana hata ukisubiri. Kwa sababu hiyo huitwa protini za kiunzi. Mafundi wengine huja kushika pale zilipo: PER64, ambayo ni peroksidesi, yaani kimeng'enya cha kuunga lignini, protini elekezi ESB1, na kimeng'enya RBOHF kinachozalisha oksijeni kali inayotumika kuunganisha lignini.

Kiunzi huonyesha mahali pa kujenga. Lignini yenyewe hutengenezwa na wengine, na ukaguzi wa kama utepe umeziba hufanywa na wengine tena. Ukilishika hilo, dalili nyingi hapa chini zitajisomea.

Rangi inapita hata kwenye mmea wa kulinganishia

Kosa lipo mezani, si kwenye jeni. Kipimo cha kawaida ni propidiamu iodidi, PI kwa kifupi, maikrogramu 10 kwa mililita, dakika 10 gizani, kisha kusuuza kwa maji. PI huangaza kuta na haipiti utando wa seli iliyo hai. Katika mche wa siku tano usio na kasoro, koteksi (tabaka zilizo nje ya endodemisi) itang'aa mzizi mzima, na katikati ya mzizi patang'aa kuanzia nchani hadi ukanda unapokamilika. Kuanzia hapo katikati panakuwa giza. Wanaopima huhesabu seli za endodemisi kuanzia ile ya kwanza ambayo urefu wake umezidi mara mbili ya upana wake, na kwenye mimea ya kawaida giza huanza karibu na seli ya 12 hadi ya 14.

Tazama viini kwanza. PI ikiwa imeangaza viini vya seli, seli hizo zimekufa au utando wake umepasuka, na mzizi huo hautakiwi kwenye hesabu. Koleo ndilo mkosaji mkuu: inua mche kwa kuushika chini ya majani, usiguse mzizi kamwe. Tazama pia kama mzizi umekatwa, maana rangi hupanda kupitia zailemu iliyo wazi na kuonekana kana kwamba imepenya ubavuni. Mahali ambapo mzizi wa pembeni unachomoza, endodemisi hufunguka kwa muda ili kuupisha, basi usihesabu hapo. Na mche ulioachwa juu ya kioo bila maji kwa dakika kadhaa utakudanganya hata kama kila kitu kingine kilikuwa sawa.

Jambo moja ambalo watu hulidharau: hesabu kwa seli, usipime kwa milimita. Mzizi uliodumaa kwa sababu ya chumvi, joto au agari iliyokauka una seli fupi, na kizuizi huonekana karibu zaidi na ncha. Kwa milimita utasema umejenga mapema. Kwa idadi ya seli utaona haukubadilika.

Kizuizi kipo, ila kimechelewa

Hapa mmea wa kulinganishia uko sawa, lakini mmea wako unafunga kwenye seli ya 25 au ya 30. Kuchelewa si sawa na kukosa. Mimea ya esb1 na ya casp1 casp3 (herufi ndogo ni mimea iliyokosa jeni za majina hayo) huchelewa namna hii, kwa sababu utepe wake umevurugika lakini mmea huongeza lignini mahali pengine, na mwishoe kuta huziba kwa namna fulani. Mimea ya sgn3, iliyokosa kipokezi kinachoitwa pia GSO1, huacha rangi iende mbali zaidi kwa sababu matundu yake hayazibwi.

Kama ulitarajia kuona kasoro kwenye mmea uliokosa CASP moja tu na hukuona kitu, usishangae wala usitupe mbegu. Hizi tano hufidiana. Kasoro ya wazi ya utepe ilionekana pale CASP1 na CASP3 zilipoondolewa pamoja, na sura kamili ilipatikana baadaye kwa kuziondoa zote tano.

CASP1-GFP imekaa vizuri, lakini rangi inapita

Hii ndiyo dalili ninayoipenda zaidi, kwa sababu hulazimisha mtu aache kuichukulia GFP kama ushahidi wa kizuizi. Mkanda wa kijani umenyooka, hauna pengo, na bado katikati ya mzizi panang'aa kwa PI. Kiunzi kimefika, saruji haikumwagwa.

Fanya rangi ya lignini. Loweka mizizi kwenye paraformaldehidi ya asilimia 4, isafishe kwa ClearSee, kimiminiko kinachoifanya iwe angavu, kisha tia fuksini ya asilimia 0.2, na ukitaka kuona kuta zote ongeza Calcofluor White. Faida ya ClearSee ni kwamba GFP hubaki hai, hivyo mzizi huohuo utakuonyesha kiunzi na lignini kwa pamoja. Angalizo: fuksini hung'aa nyekundu. Ikiwa protini yako imeunganishwa na mCherry, ambayo nayo ni nyekundu, hutajua unaona nini.

Ukipata picha, tazama zailemu kabla ya endodemisi. Mirija ya kwanza ya zailemu huwa na lignini katika eneo hilohilo, kwa hiyo ndiyo kipimo chako cha ndani. Zailemu ikiwa na pete nyekundu safi na endodemisi ikiwa tupu, rangi imefanya kazi na tatizo ni la endodemisi peke yake. Zote mbili zikiwa tupu, ama rangi imeharibika, ama mmea mzima hauna malighafi ya lignini.

Endodemisi ikiwa tupu peke yake, mshukiwa wa kwanza ni RBOHF. Mmea wa rbohF huweka CASP mahali pake barabara lakini hauungi lignini. Mshukiwa wa pili ni peroksidesi. Watu wengi hukimbilia lakesi, vimeng'enya vingine vya lignini, kwa kuwa ndizo zinazotajwa sana kwenye lignini ya mbao. Mwaka 2020 Rojas-Murcia na wenzake waliondoa lakesi tisa zinazoonekana kwenye endodemisi na utepe ukajengwa kama kawaida, lakini walipoondoa peroksidesi tano, lignini ya utepe ilitoweka huku zailemu ikibaki nzima. Kwa hiyo usianzie kwenye lakesi.

Ukitaka kuthibitisha kwamba tatizo ni malighafi, chukua mmea wa kawaida na uuweke kwenye asidi ya piperoniliki, maikromola 10, kwa saa 24. Dawa hiyo huzuia hatua ya awali ya kutengeneza malighafi za lignini, na utepe mpya hautaundwa. Ongeza alkoholi ya koniferili kwenye agari na kizuizi hurudi. Ikiwa mmea wako nao hurudi kwa alkoholi hiyo, basi hakuna haja ya kugusa CASP.

CASP1-GFP imevunjika vipande

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Vipande si dalili moja. Namna vilivyopangika inakuambia ni hatua gani iliyokwama, na ninashauri upige picha ya uso wa seli, si ya mkato tu, maana kwenye mkato hata mkanda uliojaa matundu huonekana kama nukta mbili safi.

Kwanza hakikisha hutazami seli changa. Katika kila mzizi, hata ulio mzima kabisa, kuna seli chache ambamo visiwa vya CASP bado havijaungana. Sogea kuelekea juu, seli tano au sita zaidi. Ikiwa huko juu mkanda umekamilika, hukuwa na tatizo.

Visiwa vikiwa vimejipanga katikati ya ukuta, vina afya, ila havigusani hata kwenye seli zilizokomaa, fikiria njia ya SGN3. Kipokezi hiki hukaa pembezoni mwa mkanda upande wa koteksi na upande wa mishipa. Peptidi ndogo mbili, CIF1 na CIF2, hutengenezwa ndani kwenye mishipa, husambaa baina ya kuta, na kama mkanda una tundu hupenya na kukigusa kipokezi. Hapo seli hupata ujumbe kwamba kazi haijaisha. Mkanda ukiziba, peptidi hazifiki tena na ujumbe hunyamaza. Nakiri kwamba sijui mfumo mwingine wa mmea unaojikagua kwa uzuri namna hii: kinachopimwa ni kuvuja kwenyewe. Peptidi hizi lazima zitiwe salfeti na kimeng'enya TPST ndipo zifanye kazi, kwa hiyo mmea uliokosa TPST una sura ya kukosa peptidi. Kuna kipimo rahisi: ongeza CIF2 iliyotiwa salfeti, nanomola 100, kwenye agari. Matundu yakizibika, kilichokosekana ni peptidi. Yasipozibika, kipokezi au kinachofuata baada yake ndicho kilichoharibika, kwa mfano SGN1, kimeng'enya (kinasi) kinachopitisha ujumbe ndani ya seli.

Vipande vikiwa vidogo vingi vilivyotawanyika ovyo kwenye utando, mbali na mstari wa katikati, tatizo ni usafirishaji. Mmea wa exo70a1 ndio mfano wake. EXO70A1 ni sehemu ya mtambo unaoelekeza vijifuko mahali pa kumwaga mizigo yake, na ikikosekana CASP humwagwa kila mahali. Na uhusiano huu una upande wa pili: kazi ya Barbosa na wenzake ya mwaka 2023 kwenye mimea iliyokosa CASP zote tano ilionyesha kwamba vituo vya kumwagia mizigo hubaki palepale badala ya kuondoka. CASP zenyewe ndizo huvisukuma pembeni, na kwa kuvisukuma huvifanya visiwa vikue kuelekea kando hadi vikutane. Yaani kiunzi hakikai tu kikisubiri mafundi. Huwahamisha.

Vipande vikiwa vimekaa karibu na katikati lakini vimepinda, vikubwa kwa vidogo, bila mstari, angalia ESB1. Bila protini hiyo elekezi, lignini huwekwa kwa mabonge, na CASP nazo hukosa utulivu.

Ikiwa CASP1-GFP haionekani kabisa, usikimbilie kusema jeni ya CASP imekufa. Kigezo kikuu cha kuziwasha jeni hizi, MYB36, huenda ndicho kisichofanya kazi. Kikikosekana, CASP, PER64 na ESB1 hupungua kwa pamoja. Pima RNA za zote tatu: zikishuka pamoja, chanzo ni kimoja na kiko juu yao.

Lignini inaonekana kwenye pembe za seli, na suberini imewahi

Hii ni kengele, si ugonjwa. Mkanda uliovunjika huruhusu CIF kuvuja bila kukoma, SGN3 huendelea kuamshwa, na seli hujibu kwa kumwaga lignini pembeni upande wa koteksi na kuvaa suberini mapema. Utaiona kwenye casp1 casp3, esb1 na myb36. Hutaiona kwenye sgn3, kwa kuwa huko anayepiga kengele ndiye aliyeondolewa, ingawa mkanda una matundu.

Kwa hiyo mbele ya mmea mpya usioujua, uliza mambo mawili: mkanda una matundu? Kuna lignini ya pembeni? Matundu pamoja na lignini ya pembeni maana yake kiunzi au mafundi wake wana kasoro na ukaguzi ni mzima. Matundu bila lignini ya pembeni maana yake ukaguzi wenyewe umekufa. Ukitaka uhakika, zalisha mmea wako na sgn3: lignini ya pembeni ikitoweka kwa watoto wenye kasoro zote mbili, ilikuwa jibu la kengele, haikutoka moja kwa moja kwenye jeni yako.

Lignini ya pembeni ikionekana bila tundu lolote, kagua chombo chako. Bomba lililotumika kwa CIF2 na kuoshwa nusunusu linatosha kuleta hali hiyo kwenye mimea ya kawaida.

PI inasema sawa, lakini kipimo kingine kinasema vinginevyo

Mara nyingi ni ule mkanganyiko wa lignini na suberini. PI hupima njia ya baina ya kuta, yaani ukanda. Fluoresini diasetati hupima kama kitu kinaweza kuingia ndani ya seli ya endodemisi kupitia utando, na kinachokizuia ni suberini. Mmea unaweza kufaulu kimoja na kushindwa kingine bila mgongano wowote.

Suberini pia hubadilika kwa lishe na homoni kwa namna ambayo ukanda haubadiliki. Barberon na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba asidi ya absisiki na uhaba wa potasiamu au salfa huiongeza, ilhali ethilini na uhaba wa chuma, zinki au manganizi huipunguza. Sahani mbili za agari zilizotengenezwa siku tofauti zinaweza kukupa suberini tofauti. Ipime kwa rangi ya Fluorol Yellow, na panda mimea yote ya kulinganisha kwenye sahani moja.

CASP imewekwa kwenye seli nyingine, na hakuna utepe

Haitarajiwi uwepo. CASP1 ikiendeshwa na promota (swichi ya jeni) kali katika seli zisizo za endodemisi husambaa kwenye utando wote na kubaki hivyo. Li na wenzake, mwaka 2018, waliweza kujenga ukanda unaofanya kazi kwenye safu nyingine za mzizi, lakini walihitaji SHR, protini inayowasha MYB36 na jeni nyingine za endodemisi, pamoja na ishara ya CIF. Kiunzi bila mafundi na bila mkaguzi hakijengi nyumba.

Jaribio la kinyume lina manufaa zaidi. Arabidopsis ina ndugu wengi wa CASP, wanaoitwa CASPL, wanaoonekana kwenye tishu mbalimbali. Ukiweka mmoja wao chini ya promota ya CASP1, wengi wao huingia kwenye mkanda wa endodemisi bila shida. Wako asipoingia, tazama kwanza ulipounganisha GFP. Mwisho wa C umezoeleka kwa CASP1. Kisha soma mfuatano wake: kuna asidi amino ya ajinini kwenye kipande cha kwanza kinachopita utandoni na aspatiki kwenye cha tatu, ambazo familia hii imezihifadhi hata kwa ndugu zake wa mbali, protini za familia ya MARVEL zilizoko kwa wanyama. Kosa moja la PCR hapo linatosha kuharibu kila kitu, na ni rahisi kulikosa ikiwa ulisoma mfuatano wa ncha mbili tu za jeni.

Mzizi unaonekana mzima, majani hayaonekani hivyo

Pima madini ya majani. Mimea ya sgn3 hupungukiwa potasiamu na kuzidisha magnesiamu. Mimea ya esb1 hupungukiwa kalsiamu na kuongeza sodiamu, na hapo suberini ya ziada ina mkono wake. Sura ya madini ikifanana na mojawapo, rudi kwenye PI kwa mizizi kumi na mitano au ishirini zaidi, na hesabu wewe mwenyewe bila kujua ni mstari gani wa mbegu unaoutazama.

Ukibaki na shaka kama mkanda umeshikana na ukuta, weka mzizi kwenye maji ya sukari nzito. Utando utajikunja na kuachana na ukuta kila mahali isipokuwa kwenye ukanda, ambako hung'ang'ania. Kwenye seli ambayo mkanda wake ni mzima utaona utando umenyooka kama ngozi iliyowambwa, umeshikwa pande mbili. Ukiachia mahali, palipoachia ndipo pa kupiga picha inayofuata.